Gundi ya magome ya muwati: sikuielewa mpaka nilipoitia moto

Karakana yangu ya useremala iko Majengo, Mombasa, na adui yangu wa siku zote ni unyevu. Ukibandika vinia (ule ubao mwembamba wa kufunika juu) ya kabati kwa gundi nyeupe wakati wa kiangazi, masika yakiingia pembe zinaanza kuinuka. Basi niliposikia kuna gundi ya unga inayotokana na magome ya muwati, nikanunua kilo mbili. Muwati ni ule mti uliotoka Australia ukapandwa huko bara kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi. Afrika Kusini wanagandishia mbao kwa tanini yake, yaani ile dawa ya magome inayotengeneza ngozi, tangu miaka ya 1970.

Unga una rangi ya udongo mwekundu. Ukiumwagia maji yote kwa mpigo unafanya mabonge kama uji ulioharibika, kwa hiyo nyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga. Mimi nilikorogea kwenye kopo la bati lenye kutu. Nusu saa haijatimia, kijana wangu ananiita: "Ami, gundi imekuwa wino!" Kweli, nyeusi tititi. Tanini ikikutana na chuma ndivyo inavyokuwa, na kwenye mbao nyeupe doa hilo halifichiki. Sasa natumia ndoo ya plastiki na mwiko wa mti.

Kosa la pili si langu. Muuzaji aliniapia kwamba inashika bila moto: "Wewe funga jiliwa," yaani kile chuma cha kubania mbao, "ukalale." Nikaunga miguu ya viti vinne vya mama mmoja wa Kibokoni, nikafunga, nikalala. Asubuhi nafungua, mguu ukaja na mkono wangu, gundi inanata kama asali. Dawa ya kugandisha iliyomo ni heksamini, nayo haifanyi kazi mpaka ipate joto kali. Kwenye pakiti hakuna neno hata moja kuhusu hilo. Na arusi inayongoja viti hivyo ni Ijumaa! Nikakwangua vyote, nikarudia kwa gundi nyeupe.

Ningeitupa, lakini pesa yangu iliniuma. Nikapaka gundi kwenye vipande viwili vya ubao mwembamba, nikavibana katikati ya mabamba ya alumini niliyoyapasha juu ya jiko la makaa, nikaviacha hadi mabamba yakapoa. (Milango wazi, tafadhali: mvuke wake unawasha macho.) Kisha nikavitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, pamoja na vipande vilivyoungwa kwa gundi nyeupe. Vya gundi nyeupe viliachana mapema. Vya muwati vilichemka tangu adhuhuri hadi alasiri, na nilipovipiga patasi, uliopasuka ni ubao wenyewe. Mstari wa gundi, mwekundu kama hina, ulibaki mzima.

Wazee wataniuliza, mbona tusitumie makandaa yetu, magome ya mikoko? Nilijaribu kuchemsha magome yaliyobaki kwenye boriti za mikoko. Nilipata maji mekundu ya kutilia rangi nyavu, si gundi. Kazi yote iko kwenye kuyakausha mpaka yawe unga, na mikoko nayo haikatwi bila kibali.

Nyota tatu kati ya tano. Unga hifadhi kwenye mtungi wenye mfuniko, la sivyo hewa ya hapa itaufanya jiwe. Nimebakiwa na nusu kilo, nimeitenga kwa ajili ya milango ya makabati ya jikoni. Viti, hapana.