TAHADHARI: Mzee anayeuza ndege za rimoti "za kujifunzia" hapa Dar ni tapeli

Wadau, someni hii mpaka mwisho, kisha mtumieni yeyote mnayemjua anayetafuta ndege ya rimoti ya mtumba. Kuna mzee hapa Dar es Salaam anauza ndege zilizokwisha kuanguka. Anazifuta vumbi, anazibandika stika, anaziita za kujifunzia. Kwangu amekula Sh 480,000, na ndege yenyewe imevunjika bawa ikiwa hewani, juu ya uwanja wenye watoto. Nilikaa kimya kwa aibu, sikutaka hata kulitamka, lakini jana nimeona tangazo lake limerudi. Uvumilivu umeniishia.

Nilikuwa najifunza kurusha ndege ya rimoti, wengine mnajua, sirudii yote. Simuleta, ile programu ya kujifunzia kurusha, nilikuwa nimeimaliza, kutua naweza, kuigeuza ikiwa inanijia usoni naweza, kilichobaki ni ndege yenyewe. Apprentice, ndege ya rimoti ya wanafunzi, mpya ukiagiza Marekani, ukaweka na usafiri na ushuru, unapita milioni moja. Kwa hiyo niliposoma "Apprentice, upana mita 1.5, imeruka mara chache, kijana wangu amekwenda masomoni, rimoti, betri na chaja vyote vipo", moyo ulinidunda. Nani kati yenu asingepiga simu?

Nikapiga. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba binti, sauti ya mzee kabisa, ya taratibu. Na hapa nataka nieleze vizuri, maana nyumbani nimeshaambiwa eti mimi naamini kila mtu. Siamini kila mtu. Alikuwa anatangaza pia ndege ya kivita, mfano wa P-51 Mustang, bei yake juu kuliko hii. Nikaiulizia. Mzee akakataa kuniuzia. Alikataa! "Mwanangu, ile bawa lake liko chini, ina kasi, ukikosea kidogo tu imekwenda. Utaivunja siku ya kwanza halafu uniseme vibaya. Anza na ya bawa la juu, ukishazoea njoo nikuuzie hiyo." Mtu anaiacha hela kubwa kwa sababu anakuonea huruma, utamshuku kwa lipi?

Tena akaniuliza nimejifunza kwenye simuleta ipi, nitarushia wapi, nani atanisimamia. Akanionya nikae mbali na njia ya ndege zinazotua uwanja wa Julius Nyerere, na nifuate taratibu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Akanieleza mfumo wa SAFE uliomo kwenye Apprentice: mwanafunzi anaweka hali ya kwanza, ndege haikubali kulala ubavu kupita kiasi, na ukichanganyikiwa unabonyeza kitufe inajinyoosha yenyewe. Nilikwenda kuyathibitisha yote, na yote ni kweli. Hakukosea hata neno moja. Ndiyo maana nasema huyu si muuzaji asiyejua anachouza. Anajua kuliko wengi wetu.

Tulikutana kwenye maegesho ya Mlimani City, jioni, jua linazama. Saa aliipanga yeye. Mimi niliomba asubuhi, akasema asubuhi anahudhuria kliniki, nikamwonea huruma. Alikuja amevaa kanzu na kofia, akafungua buti ya gari, akatandika kanga, akailaza ndege juu yake kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Mabawa alikuwa ameshayaunganisha na kuyafunga. "Nimekufungia kabisa, binti, usihangaike." Nikamshukuru. Katikati ya bawa, pale vipande viwili vinapokutana, kulikuwa na stika pana nyekundu na nyeupe, na nyingine ndefu upande wa chini. Nikazisifia. Nikamwambia, "Mzee, stika zimependeza." Akatabasamu, akasema kijana wake ndiye mpenda mapambo.

Halafu akatoa rimoti mkobani, ya kampuni ya Spektrum, akachomeka betri. Ndege ikalia ile milio yake ya kuamka. Akasukuma kijiti cha kulia pembeni, vile vibawa vidogo vikacheza, kimoja juu kimoja chini. Akavuta kijiti, kibao cha mkia kikainuka. Sevo zote, vile vimota vinavyosukuma vibawa na mkia, zinaitikia, hakuna inayotetema. Akaniambia, "Shika hapa kwa nyuma, shika kwa nguvu." Nikashika kwa mikono miwili. Akapandisha mwendo. Propela ya inchi 11 ikanguruma, upepo ukanipiga kifuani, mtandio ukarushwa nyuma, na ndege ikaanza kunivuta. Inanivuta hasa, ikabidi niweke mguu mmoja mbele! Watu waliokuwa wanapakia mizigo kwenye magari wakasimama kutazama. Nilikuwa nacheka kwa furaha. Dakika ile hata angeongeza bei ningelipa.

Akazima. Akachomoa betri, akairudisha mkobani pamoja na ile rimoti. Nikauliza, "Na rimoti yangu?" Akagonga boksi kwa kidole. "Hii ni ya ndege zangu zote. Ya kwako imo humu, mpya, nimeshaiunganisha na ndege. Na betri yako imejaa." Nikachungulia, nikaona rimoti nyeusi, inang'aa, nailoni yake bado haijatoka. Betri imezungushiwa tepu nyeusi. Giza limeshaingia, mzee anasema anawahi swala ya Magharibi. Nikamtumia hela kwa simu palepale. Akaniombea dua njema, mimi nikaitikia amina.

Nyumbani nikaweka betri kwenye chaja. Seli mbili zikafika volti 4.2 kama inavyotakiwa, ya tatu ikagoma kwenye 2.9 na chaja ikaanza kupiga kelele. Nikachana ile tepu. Betri imevimba! Wasiozijua betri za lipo, hizi za lithiamu, waelewe: iliyovimba hivyo inaweza kuwaka moto ikiwa kwenye chaja, na moto wake hauzimiki kirahisi. Nilikuwa naichajia sebuleni, wadogo zangu wamelala mkekani hatua mbili kutoka pale. Aliizungushia tepu makusudi ili nisione uvimbe.

Rimoti nayo ni ya kampuni nyingine, FlySky. Risiva, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti ndani ya ndege, ni ya Spektrum. Zote mbili zinatumia masafa ya 2.4 GHz, lakini mfumo wa moja ni AFHDS 2A na wa nyingine ni DSMX, haziungani kamwe, hata ukeshe. Na mimi nilikesha. Nilisoma maelekezo usiku kucha nikidhani kosa ni langu, taa ya risiva inapepesa tu. Nikampigia. "Una haraka binti, zima uwashe upya." Nikazima, nikawasha. Nikampigia tena, akasema labda nimeharibu mipangilio. Baada ya hapo hakupokea. Asubuhi picha yake ya WhatsApp haipo, ujumbe wangu tiki moja.

Mwenzetu mwenye DX6, rimoti ya Spektrum, ndiye aliyenihurumia. Jumapili asubuhi, upepo wa kusi haujaanza kusumbua, akaja uwanjani na rimoti yake na betri yake. Akaiunganisha mara moja. Akakagua sevo, akapima mizani ya ndege, akaenda mbali kupima kama mawimbi yanafika, kila kitu sawa. Akasema atairusha yeye kwanza, halafu ndiyo nipewe mimi. Ilikimbia kidogo tu kwenye nyasi ikapaa. Ilipendeza jamani. Akaizungusha upande wa miembe, akaigeuza irudi kwetu, tukasikia mlio mkavu, tak! Bawa la kushoto likakunjika kwenda juu. Kitufe cha kujinyoosha kitafanya nini na bawa moja? Kitu kizito zaidi ya kilo moja, propela bado inazunguka, kikashuka pua mbele. Kilipiga chini hatua chache kutoka kwa mtoto aliyekuwa ameinama anafunga kamba za viatu, wanasubiri zamu yao ya mpira. Kocha wao alitufokea mbele ya kila mtu, na alikuwa na haki. Mpwa wangu niliyemleta aone shangazi anavyorusha ndege aliangua kilio.

Ndipo tukabandua stika. Chini ya ile nyekundu povu la bawa limepasuka kutoka mbele mpaka nyuma na kujazwa gundi iliyogeuka njano. Ule mrija unaopita ndani ya mabawa yote mawili, ambao ndio unaobeba ndege nzima, umekatika katikati. Unajua kilichouunganisha? Vijiti vya mishikaki! Vijiti vitatu vya mishikaki vimesokomezwa ndani, vimezungushiwa uzi na kumwagiwa supagluu. Na kwenye pua, chini ya betri, tukakuta nati zimegandishwa kwa gundi, kwa sababu mkia nao uliwahi kuvunjika, gundi ikauongezea uzito, kwa hiyo akaweka nati mbele ili mizani ikae sawa. Ndiyo maana mwenzetu alipopima hakuona kasoro. Huyu mtu alikaa chini, akakata vijiti, akafunga uzi, akasubiri gundi ikauke, akachagua stika ya kutosha kufunika, kisha akanipigia hadithi ya kijana aliyekwenda masomoni.

Kuna anayesema ni hela ya mchezo, nisamehe yaishe. Siisamehi. Ile ni hela niliyoijenga kidogokidogo, lakini hata angenirudishia yote leo bado nataka afikishwe mahakamani. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, hawezi kusema hajulikani. Akamatwe, alipe, na hizo ndege nyingine alizonazo zichukuliwe zikaguliwe moja moja, maana sasa naamini na ile Mustang ina vijiti ndani. Ile ina kasi zaidi kuliko yangu. Ikimvunjikia mtu juu ya watu je?

Kwa mnaonunua sasa hivi: akikataa mchana, muache. Akikuonyesha kwa rimoti yake na betri yake halafu anakupa nyingine, hapo hapana biashara, washa kwa kile unachoondoka nacho. Mabawa yafunguliwe mbele yako, uchomoe mrija uuone. Stika kwenye kiungo, bandua. Betri ibonyeze kwa vidole, iwe bapa na ngumu. Picha za tangazo pia si za ndege anayokuja nayo, ile ya kwenye picha haikuwa na stika hata moja, hilo nimelitazama baadaye. Lakini kwa huyu mzee msijisumbue kukagua, msinunue kabisa, hata akuuzie propela tupu. Mtu anayeweza kufunga vijiti kwenye ndege akijua itapita juu ya vichwa vya watoto hafai kuuziana na binadamu, na wanaomfahamu wakanyamaza wanamsaidia.

Tangazo la jana lina picha ileile, maneno yaleyale ya kijana aliyekwenda masomoni, namba ya simu ndiyo mpya. Bei ameshusha hadi Sh 420,000. Namba siziweki hapa kwa sababu nimeshafungua RB na faili liko polisi, lakini ukiwa umeshaongea naye utamtambua tu kwa lile "anza na ya bawa la juu".

Kuna mwenzetu wa Arusha ameniambia alitumiwa ndege kwa basi, na yeye rimoti haikuungana. Nimemwomba aniletee muamala wake. Kama na wewe ulimlipa, hata miaka imepita, nitumie ujumbe leo, tafuta muamala, usitupe ndege wala stika. Mpelelezi amesema tukiwa wengi faili linapata nguvu. Narudi kituoni Jumatatu asubuhi na yale mabawa, mrija na vijiti vyake.