Silkie kama kitotoleshi: kazi anaifanya, ila ulizia ukoo wake

Ukimnunua Silkie, kuku mdogo mwenye manyoya laini kama hariri, kwa ajili ya mayai utajuta. Hutaga machache, tena madogo, na huacha kabisa kila anapoanza kuatamia. Kama kitotoleshi kisichohitaji umeme, wanaomfikia ni wachache.

Unachonunua hasa ni jeni. Tetea akigusana na mayai kiotani, homoni ya prolaktini hupanda mwilini, utagaji hukatika, naye hulala hapo. Leghorn weupe, kuku wa mayai, wamechujwa kwa utagaji vizazi vingi hadi kuatamia kwao ni nadra. Wengi wana herufi 24 za DNA za ziada kwenye sehemu inayowasha jeni ya prolaktini, na ziada hiyo inahusishwa na kutoatamia. Zamani iliaminika kwamba tabia hii hupitia kwa jogoo, kwa sababu tetea hupata kromosomu yake ya jinsia iitwayo Z kwa baba. Lakini Leghorn na bantam (kuku wadogo) walipopandishwa kwa njia zote mbili, mabinti waliatamia kwa viwango vilivyokaribiana, baba awe wa mbegu ipi. Basi muuzaji akikuambia "jogoo ni Silkie, yatosha", usimlipe bado. Uliza kama mama na dada za tetea huyo huwa wanafikisha siku 21.

Kabla ya kumwamini, mwekee mayai ya bandia siku 3. Akilala kiotani usiku pia, akivimba na kunguruma ukimgusa, badilisha, umwekee mayai halisi gizani.

Mayai ya kuku wakubwa yasizidi 6 au 8. Kosa hapa ni ghali: ya pembeni hupoa, na kwa kuwa yeye huyageuza na kuyahamisha, kila yai hupata zamu yake ya baridi.

Kasoro kubwa ni manyoya. Hayana vikulabu vya kushikana, kwa hiyo hulowa upesi, na nyuzi za tumboni huweza kumnyonga kifaranga. Zipunguze kwa mkasi kabla ya siku ya 18. Kagua utitiri kwenye nyufa za kiota, maana hunyonya usiku. Tetea asiyetoka kiotani mwenyewe mtoe mara moja kwa siku, dakika 15 hivi, ale, anywe, anye.

Jeni ya manyoya hayo hufunikwa na ya kawaida, hivyo chotara wa kwanza huwa na manyoya kamili. Kwa mayai 10 na zaidi, chukua chotara wa Silkie na mbegu kubwa inayoatamia; chotara wa Leghorn mwache.