The Woman in White: riwaya inayoning'inia kwenye tarehe moja

Anayetaka kuisoma riwaya hii ya Wilkie Collins aweke kalamu na karatasi karibu naye kabla ya ukurasa wa kwanza. Kisa chake ni cha mtu kunyang'anywa jina lake akiwa hai, na kinachomnasa mhalifu si alama ya vidole wala shahidi aliyejificha mlangoni. Ni tarehe. Msomaji asiyezifuatilia tarehe atamaliza akijua nani alifanya nini, lakini hatajua alinaswaje, na utamu wote umo hapo.

Ilitoka kwanza katika All the Year Round, jarida la kila wiki la Charles Dickens, kwa sehemu 40 kuanzia Novemba 1859 hadi Agosti 1860, kisha ikachapwa kitabu cha juzuu tatu mwaka huohuo. Ndiyo maana ni ndefu (matoleo mengi yanapita kurasa 600), na ndiyo maana kila baada ya kurasa chache kuna jambo linalokuacha mdomo wazi. Iliandikwa isomwe kidogokidogo, na ukiipeleka hivyo, sehemu moja kwa usiku, haichoshi.

Mwanzo wake haujapitwa na wakati. Walter Hartright, mwalimu wa kuchora, anarudi London kwa miguu usiku akitokea Hampstead. Barabara ni tupu. Mkono unamgusa begani kwa nyuma. Anageuka na kumkuta mwanamke peke yake, kavaa nyeupe toka juu hadi chini, anamwuliza njia ya London. Anamsaidia kupata gari la farasi la kukodi. Haupiti muda wanatokea wanaume wawili wanaomtafuta: ametoroka hospitali ya vichaa.

Kisha Walter anakwenda kufundisha Limmeridge, Cumberland, nyumbani kwa Laura Fairlie na dada yake wa mama mmoja, Marian Halcombe. Kuna sura moja hapo inayofaa kusomwa mara mbili. Marian yuko ndani na mshumaa, anapekua barua za zamani za mama yao zinazomtaja mtoto mmoja maskini, Anne Catherick. Laura yuko nje barazani kwenye mbalamwezi, anakwenda na kurudi, kavaa nguo nyeupe. Barua inafika mahali mama anaposema mtoto yule anafanana na Laura, na wakati huohuo Walter, aliye dirishani, anamwona Laura amesimama na anamtambua yule wa barabarani. Ni watu wawili, Laura na Anne, kama shilingi kwa ya pili. Kuanzia hapo mwandishi ameshakukabidhi ufunguo, na hakuambii ni wa mlango gani.

Wengi wanaiacha riwaya kwenye maelezo ya wakili Gilmore, kwa sababu yanahusu mkataba wa mali ya ndoa na yanaonekana makavu. Wanakosea, maana sababu ya uhalifu imeandikwa humo kwa tarakimu. Laura ana pauni 20,000 zake mwenyewe. Anachumbiwa na Sir Percival Glyde, mwenye madeni, ambaye anadai mke akifa bila mtoto fedha zote ziwe za mume. Wakili anapinga, anataka Laura awe na haki ya kuzirithisha amtakaye. Mlezi wake, Frederick Fairlie, hataki bughudha, anakubali ilimradi aachwe apumzike. Wakati huo Uingereza mali ya mke iliangukia mikononi mwa mume isipokuwa mkataba useme vingine. Sheria zilizoanza kubadili hali hiyo zilikuja 1870 na 1882. Kwa hiyo siku mkataba ule unatiwa saini, Laura anakuwa na thamani kubwa zaidi akifa kuliko akiwa hai. Soma kurasa hizo polepole.

Hadi hapa sijavunja fumbo. Asiyetaka kujua zaidi aziruke aya tatu zinazofuata.

Mbinu ya Count Fosco, rafiki wa Sir Percival, Mwitaliano mnene anayefuga panya weupe, ni hii. Anne ana ugonjwa wa moyo. Anachukuliwa na kuwekwa katika nyumba London kwa jina la Lady Glyde, yaani Laura, ili afe kwa jina hilo. Naye Laura arudishwe hospitali ya vichaa kwa jina la Anne. Anne anafariki tarehe 25 Julai 1850. Laura anaondoka nyumbani kwake Hampshire tarehe 26. Cheti cha kifo kinasema mke wa Sir Percival alikufa siku moja kabla ya kupanda treni ya kwenda kufia huko, na hiyo siku moja ndiyo kosa pekee la Fosco. Lakini ni nani anayeikumbuka siku ya safari? Msimamizi wa nyumba, Bibi Michelson, anaeleza kila kitu kwa unyofu, ila tarehe hakuiandika popote. Inapatikana mwishowe katika barua ya Sir Percival mwenyewe na katika daftari la mwenye magari ya farasi.

Ukatili wa mpango huo umeonyeshwa kwa kitu kidogo sana. Laura anazinduka hospitalini, anasema yeye ni Lady Glyde, na muuguzi anamwonyesha nguo zake za ndani: zimeandikwa kwa wino, Anne Catherick.

Nayo siri ya Sir Percival iko kwenye karatasi vilevile. Wazazi wake hawakuwahi kuoana, kwa hiyo cheo na shamba si vyake. Aliibambika ndoa yao katika rejista ya kanisa, chini kabisa ya ukurasa, mahali palipobaki nafasi finyu. Nakala ya rejista hiyo ilihifadhiwa kwa wakili katika mji wa jirani, na humo nafasi ileile ni tupu.

Kasoro zipo. Laura mwenyewe ni mwepesi kama kivuli, na riwaya inashuka kila anapokosekana Marian, ambaye shajara yake ndiyo sehemu bora kuliko zote. Namna Fosco anavyobanwa mwishoni inategemea bahati iliyozidi kiasi: rafiki wa Walter anayetajwa mwanzoni kama mtu wa kuchekesha ndiye anayegeuka kuwa na siri inayohitajika. Kisha kuna kosa lililomuumiza mwandishi hasa. Mwaka 1860 mhakiki wa gazeti la The Times alizihesabu siku za shajara na maelezo ya mashahidi, akaonyesha kuwa Laura asingeweza kuondoka Hampshire tarehe iliyotajwa. Ratiba ilipishana kwa takriban wiki mbili. Collins alikiri, akarekebisha tarehe katika toleo la 1861. Katika riwaya ambayo hukumu yake yote ni tarehe, hilo lilikuwa pigo, na kulirekebisha kulikuwa heshima kwa wasomaji.

Aliyezoea Bwana Msa na kiko chake ajue kuwa humu hakuna mpelelezi atakayewakusanya watu na kuwafungulia fumbo. Kila shahidi anaeleza alichokiona yeye tu, kama mahakamani: wakili, mpishi, daktari, hata jiwe la kaburi lina sura yake. Kazi ya kuunganisha ni yako.

Hakimiliki yake ilikwisha zamani, hivyo inapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na kwa kusikiliza kwenye ile ya LibriVox. Ukinunua ya karatasi chagua yenye maelezo ya sheria na fedha za wakati ule, lakini utangulizi uuache hadi umalize, kwa kuwa kwa kawaida unasimulia mabadilishano yale bila kukuonya. Na kwenye karatasi yako andika mambo matatu kwa kila shahidi: jina, siku anayoitaja, na siku anayosema haikumbuki.