Kiva: dola 25 zako zinarudi, ila faida usiisubiri

Kila nikitupia linki ya Kiva kwenye grupu la familia naulizwa kama ni upatu mpya wa mtandaoni. Sio upatu jamani, wala sio kausha damu. Ni jukwaa la San Francisco lililoanza 2005, mikopo yao ya mwanzo kabisa ilienda Tororo, Uganda, unachagua mtu mwenye biashara ndogo, unamuwekea kuanzia dola 25, na wengine wanaweka zao mpaka kiasi kitimie, akilipa hela inarudi kidogo kidogo kwenye akaunti yako, hapo uitoe kwa PayPal au umkopeshe mwingine.

Riba wewe hupati hata senti. Mkopaji je? Hapo ndo wengi wanachanganya, maana kwa Tanzania, Kenya na kwingineko hela inapitia taasisi za mikopo midogo za huko huko, zenye maofisa wa kuzunguka na pikipiki kufuatilia marejesho, na nyingi zinatoza riba yao kama kawaida. Kwahiyo ukifungua mkopo usiishie kwenye picha ya mama na ndizi zake, shuka chini kwenye habari za taasisi, utakuta nyota za kupima hatari ya taasisi, asilimia ya wasiolipa na wastani wa gharama anayobeba mkopaji. Mi naanzia hapo, picha baadae.

Alafu cheki tarehe ya hela kutolewa. Mara nyingi mama kashapewa mtaji wake zamani, anauza, we ndo kwanza unabonyeza, kwahiyo dola zako zinaenda kuziba pengo la taasisi iliyotangulia kumpa. David Roodman, mtafiti wa mikopo midogo, aliliandika hili 2009 na Kiva wenyewe wakabadilisha maelezo kwenye tovuti yao. Mimi halinikeri, mkulima hawezi kusubiri watu wa Texas wamalize kuchanga wakati mvua zimeshaanza. Kinachonikeri zaidi ni habari ya shilingi, kwenye baadhi ya mikopo sarafu ya kule ikiporomoka sana hasara inakugusa na wewe, hata kama mkopaji kalipa yote.

Upande wa Marekani ndo nawapa tano zote. Mwenye mgahawa au saluni anaweza kuomba mpaka dola 15,000, riba sifuri, miezi mpaka 36, na hakuna taasisi katikati. Ila kabla ombi halijafunguliwa kwa kila mtu, siku 15 za mwanzo lazima alete watu wake mwenyewe wamkopeshe, majirani, wateja, watu wa kanisani au msikitini. Yaani kama hakuna anayekuamini kwa dola 25 hupiti, na hapo nilicheka maana ndo VICOBA wanavyofanya, udhamini kwanza hela baadae! Kenya nao waliwahi kuwa na kitu kama hiki, Kiva Zip, hela moja kwa moja kwa M-Pesa, kikafungwa 2015. Mpaka leo naona ilikuwa bora kuliko hii ya kupitia taasisi.

Kwa ujumla nawapa nyota nne. Ukifika kwenye kulipa angalia vizuri, kuna mchango wa kuendeshea Kiva unawekwa juu ya mkopo wako, sio lazima na huo haurudi, unaweza kuushusha mpaka sifuri.