Buti za Porini: Bonyeza Soli Kabla Hujatoa Hela

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo mezani nina buti za aina nne, zote zimeshapigwa pori, kwa hiyo msishangae vumbi. Sijazifuta makusudi, nataka muone zinavyochakaa na zinachakalia wapi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, buti gani haipitishi maji?" Kwa pori letu mimi naliweka swali hilo mwisho. Kwanza jiulize, ikilowa itakauka lini? Halafu, soli ikiisha, fundi wa mjini kwako ataweza kuweka nyingine? Buti ikishinda hapo, mengine tunazungumza.

Kwa wageni wa hapa, mimi natembea na misafara ya uwindaji wa kitalii huku Tanzania. Msimu unafunguliwa Julai 1. Wakenya mnaonitazama, najua kwenu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini msiondoke. Buti hizi hizi ndizo zinazomfaa askari wa wanyamapori, mwongoza watalii wa safari za miguu, na hata wewe unayepanda Longonot Jumapili.

Tuanze na hii ya kijani. Buti ya jeshi ya mtumba, aina ya msituni, ngozi chini na kitambaa juu. Nasogeza kamera. Mnaona vitundu viwili hapa ubavuni, karibu na unyayo? Hivyo ni vya kutolea maji. Ukivuka mto maji yanaingia, ndiyo, lakini ukitembea yanasukumwa nje. Sasa tazama meno ya soli: yamekaa mbalimbali na yamelala kimshazari. Soli hii inaitwa Panama, ndiyo waliyovaa askari wa Marekani kule Vietnam, na kazi yake ni kutema tope. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa Novemba mvua zikianza, utaona faida yake. Soli yenye meno madogo yaliyobanana inabeba tope lote, unatembea umerefuka na kila mguu una mzigo wake.

Lakini mtumba una jambo lake, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Geuza buti. Kwenye soli nyingi za kumiminwa utakuta kiduara kidogo chenye namba 1 hadi 12 na mshale, katikati kuna tarakimu mbili. Mshale unaonyesha mwezi, tarakimu ni mwaka. Hiyo ni tarehe ya kuzaliwa kwa soli. Kwa nini uijali? Kwa sababu soli nyingi za katikati, lile tabaka kati ya ngozi na mpira wa chini, zinatengenezwa kwa povu la plastiki liitwalo poliyurethani, na povu hilo linaliwa na unyevu wa hewa taratibu, hata buti ikiwa kabatini haijavaliwa. Ngozi inang'aa, kamba mpya, muuzaji anakwambia "hii haijaguswa bosi", na ni kweli haijaguswa. Ila ndani imeshaoza.

Nimeona mgeni ameshuka kwenye ndege na buti za bei mbaya, alizitunza nyumbani kwake miaka mingi kwa ajili ya safari hiyo. Siku ya kwanza ya kufuata nyati, kabla ya saa sita mchana, soli ya kulia ilibanduka yote, ya kushoto ikafuata. Alirudi kwenye gari na buti zimefungwa kwa kamba za katani.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua ukucha wa dole gumba, bonyeza ubavu wa soli, hapa katikati ya ngozi na mpira wa chini. Povu zima linabonyea na kurudi. Likibaki na alama, likinata, au likitoa punje kama keki iliyolala, rudisha mezani, hata kama anakupa kwa bei ya soksi. Kisha ikunje kwa nguvu mara kadhaa na uangalie kama kuna mpasuko kwenye mkunjo. Muuzaji akikukataza kuikunja, umeshapata jibu.

Na jamani, rangi. Mwaka 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, liliwataka raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe. Yenye mabakamabaka achana nayo kabisa. Tafuta kahawia ya kawaida, isiyofanana na ya jeshi.

Ya pili ni hii ya ngozi tupu. Inatoka Bulawayo, Zimbabwe, kampuni inaitwa Courteney, wanashona tangu 1991. Jina ni la Frederick Courteney Selous, yule mwindaji aliyeuawa vitani Januari 1917 na kuzikwa Beho Beho, leo ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hii niliyonayo ni ngozi ya nyati. Wanazo pia za kiboko, lakini kiboko yuko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyamapori, kwa hiyo ukivuka nayo mipaka hakikisha una karatasi zake.

Tazameni mshono. Ngozi ya juu haikukunjwa kwenda ndani chini ya mguu, imetandazwa nje na kushonwa moja kwa moja kwenye soli, uzi unauona wote. Huu ndio mshono wa vellie, viatu vya wakulima wa Afrika Kusini vya tangu zamani. Uzuri wake ni kwamba fundi anaufungua, anaweka soli mpya, anashona. Hakuna povu la kuoza. Haina utando wa kuzuia maji, inalowa, lakini ukiitoa soli ya ndani na kuiacha kivulini penye upepo, haichukui muda.

Kasoro zake? Bei, zaidi ya dola 200, na mpaka ikufikie huku umeongeza nauli na ushuru. Pili, siku za mwanzo itakuonea. Ngozi ya nyati ni nene, inataka uivae nyumbani, sokoni, kazini, ndipo uende nayo porini. Tatu, soli yake ni laini, na hilo lina pande mbili. Miombo ikishapukutisha majani, Agosti na Septemba, ardhi yote ni makaratasi makavu. Soli ngumu inapiga kelele, pofu na pala hawakusubiri. Soli laini inakuruhusu kukisikia kijiti kwa unyayo kabla hujakivunja. Ila mwiba wa mgunga nao unaisikia hiyo soli laini.

Kwa miiba, mabingwa ni hawa hapa. Najua mtacheka. Katambuga! Akala, kwa wenzetu wa Kenya. Wafuata nyayo wazuri niliotembea nao, wengi wanavaa hizi. Tairi la gari lina nyuzi ndani, mwiba unahangaika kupenya. Mguu unapumua, maji hayana pa kukaa, na hazina sauti. Lakini hao wamekua wakitembea hivyo, ngozi ya unyayo wao ni soli ya pili. Na upupu haumwogopi mtu, kupe wala nyoka hawaogopi katambuga. Usitoke ofisini Posta ukaingia Rungwa na katambuga.

Ya nne, na hii nitaipitia haraka: buti ya milimani kutoka Ulaya, ngozi nene, utando wa Gore-Tex wa kuzuia maji ndani, soli ngumu. Kwenye mawe makali na miteremko, kifundo kinashikwa vizuri, sibishi. Lakini mchana wa Oktoba, bonde la Ruaha, mguu unachemka humo ndani. Na maji yakishaingia kwa juu, ule utando uliozuia yasiingie ndio unaoyazuia yasitoke. Utavaa buti mbichi kesho yake, na mguu mbichi ndio unaotoa malengelenge. Hii mimi naibakiza kwa nyanda za juu, asubuhi za Julai zenye umande na baridi.

Nina watazamaji Minnesota kule Marekani na Alberta kule Kanada pia, kwenye baridi kali, nawaona. Kwenu hesabu inageuka. Ukikuta buti imeandikwa gramu 200, 400 au 800, huo ni wingi wa vitambaa vya joto. Anayetembea sana hahitaji nyingi, atatoka jasho, na jasho likipoa unaganda. Anayekaa juu ya mti akisubiri kulungu mwezi wa 11, huyo aende 800. Na usivae soksi mbilimbili mpaka buti ibane, damu ikishindwa kupita vidole vitapoa vilevile.

Kuhusu kupima. Nenda dukani alasiri, mguu umeshavimba kidogo, na uende na soksi utakazovaa porini, za sufu ukipata. Za pamba zinashika maji na kukusugua. Legeza kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kidole chako cha shahada kiingie nyuma ya kisigino. Funga kamba, tembea kwa kushuka ngazi. Vidole vikigonga mbele, chukua namba ya juu. Kisigino kikipanda na kushuka, hata iwe nzuri namna gani, mwachie mwenye mguu wake.

Urefu? Inayofunika kifundo inatosha. Ndefu zaidi ni joto na uzito, afadhali uvae gaita, vile vifuniko vya kitambaa vinavyofungwa juu ya buti, ili zile mbegu za majani zenye ncha zisiingie kwenye soksi.

Ikilowa usiiweke karibu na moto. Kila kambi lazima kuna mmoja anayepanga buti kuzunguka jiko usiku, asubuhi ngozi imekakamaa na gundi imeachia. Jaza magazeti ndani, badilisha yakilowa. Ikikauka, pakaa nta ya nyuki. Ya Tabora ni nzuri na rahisi kupata, yeyusha na mafuta kidogo, pakaa mishono kwanza.

Ungeniuliza niondoke na ipi kesho, Oktoba, kwa wiki mbili? Ya Bulawayo miguuni, ya msituni ndani ya begi kwa ajili ya mvua. Kama mfuko hauruhusu, ya msituni peke yake, ilimradi ule mshale kwenye soli usiwe wa zamani.

Video ijayo tunakwenda kwa fundi, tumwone akibandua soli hii ya vellie na kushona nyingine mwanzo mpaka mwisho. Kama una buti yako imeachia, isubirishe kwanza usiipige supaglu.