Duka la pembejeo Tandahimba karibu na stendi, akina baba mnaopuliza mikorosho pitieni pale

Jamani nimekaa na hili wiki 2 nikaona bora niandike. Nilienda kuchukua salfa ya unga na dawa ya maji ya mbu wa mikorosho, nikajua ni kulipa na kuondoka. Dada muuzaji akaniuliza, kaka unapuliza mwenyewe au unaweka vibarua? Nikamwambia mwenyewe, kila msimu toka nina miaka 17. Akauliza tena, wewe na wifi bado mnatafuta mtoto? Hapo nikanyamaza, maana mke wangu mimba 2 zimetoka zikiwa changa na kule kliniki maswali yote anaulizwa yeye, mie nakaa nje kwenye benchi.

Basi akaacha kupima salfa akanieleza taratibu, kwamba mbegu ya kiume inatengenezwa siku kama 74 hivi, kwa hiyo sumu ninayoishika mwezi wa 6 inakutana na mbegu zitakazotoka mwezi wa 8, na mbegu haibebi vinasaba tu, inabeba na alama za kuonyesha kipi kiwake kipi kizime. Mimba ikiwa na siku 3 hivi, ni seli 4 mpaka 8 tu, ndo vinasaba vya mtoto mwenyewe vinaanza kazi, na vya baba vimo humo, vikiwa na hitilafu inaweza kugoma hapo hapo mama hajui hata kama ana mimba. Akanitajia California mwaka 1977, wanaume wa kiwandani waliokuwa wanatengeneza DBCP, dawa ya minyoo ya udongo, walipimwa wengine hawana mbegu kabisa. Hakusema dawa zangu ndo zilitoa zile mimba, alisema hilo hawezi kulijua na mengi ya kwenye mimba changa yamepimwa kwa panya. Kwa hilo nimemheshimu sana.

Nikachukua barakoa ya chujio elfu 35, glavu ndefu za raba, na akanisisitiza nguo za kupulizia nizifue mwenyewe, zisichanganywe na za wifi. Bei ya barakoa inauma kwa mkulima kabla ya mnada, na miwani yao inashika mvuke mpaka huoni tawi. Gambuti zilibaki kubwa tupu, mie navaa 41 nimekosa.

Dawa ya mwisho nimepuliza katikati ya mwezi wa 8, tumekubaliana na mke wangu tusubiri mpaka wa 12.