Mafuta ya cherehani na ya kupuliza: uzoefu wangu Kibuye

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, ile nyeusi, na hapa Kibuye, Kisumu, haipumziki. Mafuta ninayoyapa alama zote ni yale ya chupa ndogo yenye mdomo mrefu. Ni mafuta ya madini, yatokanayo na mafuta ghafi, ila yamesafishwa mpaka hayana rangi. Ni mepesi, yanaingia hadi kwenye ekseli ya ndani, na tone likiangukia satini nyeupe ya bibi harusi, sabuni hulitoa mapema.

WD-40, ile ya kopo la kupuliza, ninayo pia, na wengi hapa huitumia kwa kila kitu. Ilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, ili kufukuza maji na kukinga makombora ya Atlas na kutu. Karibu nusu ya kilichomo ni kiyeyushi chepesi, jamaa ya mafuta ya taa. Mafuta yenyewe ni kidogo kuliko hapo, na kinachosukuma ni gesi ya kaboni dayoksaidi. Kiyeyushi kinapenya kwenye kutu halafu kinaruka, unabaki utando mwembamba. Kwa skrubu iliyoganda au bawaba za kibanda baada ya mvua za ziwani, sina neno. Kwa mtambo unaozunguka kutwa, napuliza kusafisha, nafuta, kisha natia mafuta ya chupa.

3-in-One, mafuta mengine ya mashine, ni ya tangu 1894, na mwanzo wake ni baiskeli. Nzito kidogo. Mimi naitia kwenye mkasi.

Ya kupikia, tafadhalini, hapana! Jirani aliniletea mashine iliyokataa kuzunguka kwa sababu hiyo. Mafuta ya mimea yakikaa hewani hushika oksijeni, chembe zake zinaungana, yanakuwa gundi ya manjano. Kuyatoa ilibidi mafuta ya taa, mswaki mkuukuu na asubuhi nzima, na malipo ya kazi hiyo yangenunua chupa za kutosha mwaka.

Oili chafu ya gereji nayo ina masizi na unga wa chuma, unaosaga kile unachotaka kukilinda. Kwa hiyo ukiuziwa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, iinue juani kwanza. Ikiwa ya kahawia, mrudishie mwenyewe.